Kunguni hafuati uchafu, anakufuata wewe

"Kunguni ni uchafu." Kauli hii ndiyo inayowafanya watu wafiche tatizo mpaka godoro limejaa madoa meusi. Kunguni hali makombo wala takataka. Chakula chake ni damu, na hewa unayopumua pamoja na joto la mwili wako ndivyo vinavyomwonyesha ulipo. Huingia kwa begi la safari, kochi la mtumba au godoro la bweni, hata kwenye nyumba inayodekiwa mara mbili kwa siku. Msongamano wa vitu humwongezea maficho tu.

Eti huruka? Hana mabawa ya kurukia wala miguu ya kuchupa, anatembea. Basi mtafute karibu na unapolala: mishono ya godoro, viungio vya chaga, tundu la msumari, ufa wa ukuta. Ukihamia sebuleni atakufuata, na sasa una vyumba viwili vya kushughulikia. Kufunga chumba ili afe njaa nako ni kazi bure, maana aliyekomaa huweza kukaa miezi bila kula. Na wanaohofia UKIMWI watulie: hakuna ushahidi kwamba kunguni huuambukiza.

Imani inayokula pesa nyingi ni ya dawa ya kupuliza. Nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi, ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa nchini Tanzania, kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo walikuwa wameshaizoea. Hapo mwanzo vyandarua viliwaua. Waliosalia ndio waliozaana. Kwa hiyo anayesema chandarua "kinaleta" kunguni amekosea, ingawa kero yake ni ya kweli. Hata DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, ilianza kushindwa mapema, huko Hawaii, mwaka 1947.

Kabla ya kununua kopo jingine, wachunguze. Vuta kitanda mbali na ukuta, shuka na chandarua visiguse sakafu, kisha simamisha kila mguu wa kitanda ndani ya bakuli. Lakini bakuli kavu linaweza kukudanganya: kunguni wa nchi za joto hupanda kuta laini kuliko ndugu yake wa nchi za baridi, hata mitego ya kiwandani iliyotengenezwa kwa ajili ya huyo wa baridi hushindwa kumzuia. Tia maji yenye sabuni, uhesabu kila asubuhi.