Mbudya Nayo Ni Hifadhi

Muulize mkazi wa Dar es Salaam kuhusu hifadhi, atakutajia Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Kisiwa cha Mbudya, kilicho mbele ya jiji lake, atakiita pikiniki.

Kisheria mambo ni mengine. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu, yaani sehemu za bahari zinazolindwa, mwaka 1975, na leo viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kuvua humo ni marufuku, kung'oa matumbawe ni marufuku, na ile ada inayolipwa mbali na nauli ya boti ni kiingilio cha hifadhi. Lipa, dai risiti.

Utalii endelevu tunaujadili sana kwenye kumbi zenye viyoyozi. Kwa watu wa jiji hili unaanzia kwenye nanga.

Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo mno, laini, wanaojijengea makazi ya chokaa. Wengi wetu tunalikanyaga tukidhani ni jiwe. Zile aina za mviringo hukua polepole, sentimita moja hivi kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo tumbawe lenye upana wa mita moja huenda lilianza kukua kabla nahodha wako hajazaliwa. Nanga ikitupwa juu yake, upepo wa kusi ukaisukuma boti huku na huko, mnyororo unalisaga kwa muda ambao abiria hajamaliza hata samaki wake. Boti ikifungwa kwenye boya, au nanga ikashushwa penye mchanga mtupu, hasara hiyo haipo. Manahodha wa Kunduchi na Msasani wanajua vizuri mchanga uko wapi. Tatizo ni kwamba abiria hawaulizi, na asiyeulizwa hutupa nanga panapomrahisishia.

Miamba hii tayari imeteseka. Imepigwa mabomu ya baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi magharibi. Joto la bahari hatuwezi kulizuia tukiwa Kunduchi, lakini nanga na miguu yetu tunaweza. Ukivaa miwani ya kuzamia, elea. Ukichoka, rudi kwenye mchanga, usisimame juu ya mwamba.

Kuna na biashara ya makombe. Lile kombe kubwa refu lenye madoa ya kahawia, ambalo watu hupenda kuliweka sebuleni, ni gamba la tritoni, konokono wa baharini anayekula kiti cha pweza mwenye miiba, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Huyo kiti cha pweza naye chakula chake ni matumbawe hai. Kila tritoni anayeuzwa kama pambo ni mlinzi mmoja aliyeondolewa kazini. Mimi ningependa wateja waache kununua kwanza, maana muuzaji huleta kinachouzika.

Chakula ni habari nyingine, na hapo sina ugomvi. Samaki wa kukaanga na chipsi chini ya mabanda ya makuti ni kipato cha wavuvi, wapishi na vijana wa boti, kwa hiyo nunua pale pale badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Ila kamba kochi mwenye mayai chini ya mkia mkatae. Na chupa za maji ulizokwenda nazo zirudi nawe bara. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 halikuzigusa, na kisiwani hazina pa kwenda ila baharini.

Wanaopendelea wanyama wa nchi kavu sasa wanafika Morogoro kwa treni ya SGR, tangu mwaka 2024, na kutoka hapo Mikumi si mbali. Wengine wanaijua Mikumi kwa dirisha la basi tu, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Hapo kuna mchezo mbaya: abiria kuwarushia nyani maganda ya ndizi na mabunzi ya mahindi. Nyani akishazoea, hukaa kando ya lami akisubiri basi lijalo, na mama huja na mtoto mgongoni. Wengi hugongwa, na anayefuata mzoga usiku, fisi kwa mfano, hugongwa papo hapo.

Kwa wanaopanga Mbudya au Bongoyo wikiendi hii, angalieni mwezi kabla ya kuchagua saa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, miamba inabaki wazi na watu huishia kutembea juu yake. Nendeni siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, au mkiwa hamna budi, ingieni majini kuanzia saa nane mchana, maji yakiwa yamekwisha kupanda.