Uongozi wa amana ya iwi: nani anashika kota ya samaki ya Wamaori, na anaishikaje

Iwi ni kabila la Wamaori wa Nyuzilandi, na ndani yake mna koo ziitwazo hapu. Kila iwi iliyotimiza masharti ya sheria ina shirika moja linalotambuliwa kupokea na kushika mali za uvuvi kwa niaba ya wanachama wote, walio hai na watakaozaliwa. Mara nyingi shirika hilo ni amana yenye bodi ya wadhamini; kwingine huitwa runanga, yaani baraza. Uongozi wa amana hiyo ni kazi ya kulinda mali, kuamua nani ataitumia mwaka huu na kwa bei gani, kugawa mapato, na kutoa hesabu mbele ya wenye mali.

Mali yenyewe ilipatikana kwa mvutano mrefu. Mwaka 1986 serikali ilianza kugawa haki za kuvua kibiashara kwa mfumo wa kota, yaani mafungu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, zinazouzwa na kununuliwa. Wamaori walikwenda mahakamani wakisema Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya machifu wa Kimaori na Uingereza, uliwahakikishia uvuvi wao, kwa hiyo serikali ilikuwa inagawa kisicho chake. Mwaka 1987 mahakama ilizuia ugawaji zaidi. Sheria ya 1989 ikaahidi Wamaori asilimia 10 ya kota zilizokuwapo, na makubaliano ya Septemba 1992 yakaongeza dola milioni 150 za Nyuzilandi za kununua nusu ya kampuni ya uvuvi ya Sealord, pamoja na asilimia 20 ya kota ya kila aina mpya ya samaki itakayoingizwa kwenye mfumo. Waliojadiliana kwa upande wa Wamaori ni Matiu Rata, Graham Latimer, Robert Mahuta na Tipene O'Regan. Kwa upande wao, Wamaori walikubali madai yao yote ya uvuvi wa biashara yafungwe moja kwa moja.

Kisha ukaja ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe: igawanywe vipi? Iwi zenye pwani ndefu zilitaka urefu wa pwani uwe kipimo. Zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu. Ilichukua miaka 12. Sheria ya Uvuvi ya Wamaori ya 2004 iliamua kwamba kota za samaki wa karibu na pwani zigawanywe kwa urefu wa pwani, na za bahari ya kina zigawanywe asilimia 75 kwa idadi ya watu na asilimia 25 kwa pwani. Iwi jirani zililazimika kwanza kukubaliana mpaka wa pwani zao uko wapi, na mazungumzo hayo peke yake yalikula miaka katika baadhi ya maeneo.

Masharti ya uongozi ni makali kwa sababu hiyo. Mali hii ililipiwa kwa madai ya watu wote, na hakuna bodi yenye haki ya kuitendea kama duka lake.

Muundo una ngazi tatu. Juu kabisa ni amana, ambayo wadhamini wake wanachaguliwa na wanachama. Chini yake ni kampuni ya kushika mali, inayomilikiwa na amana kwa asilimia 100. Hii ndiyo inayoandikishwa kama mwenye kota. Ikiwa iwi inataka kuvua yenyewe, kusindika au kuingia ubia na mwenye meli, inatakiwa kuunda kampuni nyingine, ambayo ni ngazi ya tatu, iliyotengana na ile inayoshika kota. Sababu ni rahisi: uvuvi ni biashara ya hasara za ghafla. Injini ikifa au soko likifunga, wadai waikamate kampuni ya uvuvi, wasiifikie kota.

Sharti jingine ambalo wadhamini wapya hulisahau ni la asilimia 40. Wadhamini hawaruhusiwi kuzidi kiwango hicho kwenye bodi ya kampuni ya kushika mali. Bodi ikiwa na wakurugenzi watano, wasiozidi wawili watoke kwenye amana. Wengine watafutwe kwa ujuzi wao wa fedha, masoko au sheria. Pale watu walewale wanapojaza bodi zote mbili, anayekagua na anayekaguliwa huwa mtu mmoja, na ripoti mbaya hufia mezani kabla wanachama hawajaiona.

Sasa hesabu, maana mwenyekiti asiyeielewa hawezi kuiongoza amana hii. Kila akiba ya samaki, yaani aina moja katika eneo moja, imegawanywa katika hisa milioni 100. Kila mwaka waziri wa uvuvi huweka kiwango cha juu cha uvuvi wa biashara, na kila hisa huzaa kilo zake kwa mwaka huo. Kilo hizo ndizo haki ya mwaka, na ndizo zinazouzwa kwa wavuvi. Hisa zenyewe hubaki. Chukua samaki aitwaye hoki. Hadi 2019 kiwango chake kilikuwa tani 150,000, Oktoba mwaka huo kikashushwa hadi 115,000, na 2021 hadi 110,000. Iwi yenye hisa 100,000 ilikuwa na tani 150 za kuuza, zikawa 115, kisha 110. Hisa hazikupungua hata moja, lakini bajeti ya ufadhili wa masomo na ukarabati wa marae, yaani viwanja na nyumba za mikutano, ilipunguka. Amana iliyopanga matumizi kwa mapato ya mwaka mzuri huanza kukopa hapo.

Kwa samaki wengi mwaka wa uvuvi huanza Oktoba 1. Kwa kamba koche ni Aprili 1. Maamuzi ya kuuza hufanyika miezi kadhaa kabla, na hapa makosa ni mengi. La kwanza ni kuuza kwa mwaka mmoja mmoja kwa mnunuzi yuleyule bila kushindanisha bei. La pili ni kumuuzia ndugu kwa bei ya chini bila sera iliyoandikwa. Kumsaidia mvuvi wa kabila ni jambo jema, tena ni lengo halali, ila kiasi cha punguzo kiandikwe na wanachama wakione. La tatu linatokana na ugawaji wenyewe: iwi ndogo hupata vipande vidogo vya aina nyingi, ambavyo havitoshi safari moja ya chombo. Dawa yake ni kuunganisha vipande na iwi nyingine na kuuza pamoja. Upo pia mtego wa kutegemea soko moja. Kamba koche wa Nyuzilandi karibu wote huuzwa China wakiwa hai, na oda ziliposimama Januari 2020 hakukuwa na mahali pengine pa kuwapeleka kwa bei ile.

Kampuni ya uvuvi ya iwi ina hatari yake ya pekee: wavu hauchagui. Ukivua samaki ambao huna haki yao ya mwaka, unalipa serikali tozo kwa kila kilo usipopata haki ya kufidia.

Wanachama wana silaha tatu. Wadhamini wote lazima wapigiwe kura angalau kila baada ya miaka mitatu, na kila mwanachama mwenye umri wa miaka 18 au zaidi apewe nafasi ya kupiga. Kila mwaka kuna mkutano mkuu wenye ripoti inayoonyesha mapato ya uvuvi kando na mengine, kota iliyonunuliwa au kuuzwa, na sera ya kuuza haki za mwaka. Na kuuza kota iliyotokana na makubaliano ya 1992, chini ya sheria ya 2004, kulihitaji asilimia 75 ya waliopiga kura, tena mnunuzi awe ndani ya kundi la Wamaori. Tatizo ni daftari la wanachama. Wamaori wengi wanaishi mijini, mbali na pwani ya mababu, na daftari lenye anwani za zamani huwaachia uchaguzi wachache waliobaki nyumbani. Kulisasisha ni kazi ya ofisi isiyo na sifa, lakini amana isiyolisasisha haiwezi kudai inawawakilisha watu wake.

Uvuvi wa kimila hauingii kwenye kota hizi. Samaki wa msiba au wa mkutano kwenye marae huvuliwa kwa kibali cha kaitiaki, mlinzi wa eneo aliyeteuliwa na wenyeji na kuthibitishwa na waziri kwa kanuni za 1998, na za 1999 kwa Kisiwa cha Kusini. Kibali hutaja aina, idadi, eneo, njia ya kuvua, tarehe na sababu, na samaki hao hawauzwi. Kampuni ya iwi na kaitiaki wanaweza kuutaka mwamba uleule wa paua, aina ya konokono wa baharini anayeliwa, mmoja kwa mauzo na mwingine kwa sahani za wageni wa msiba. Bodi inayojua kazi yake hukaa na kaitiaki kabla ya kuuza haki za mwaka, na huandika ndani ya mkataba wa mnunuzi maeneo ambayo hataingia.