Bastola ya .22 na Maneno ya Vijiweni

Ukitaja bunduki Iringa, mazungumzo hayakawii kufika Lugalo, mwaka 1891, Mkwawa, chifu wa Wahehe, alipoliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski. Ukiitaja Mbeya, watu wanawaza askari au majambazi. Basi kijana akisema anatamani kushindana kulenga shabaha kwa bastola, mchezo uliokuwepo tangu Olimpiki ya Athens ya 1896, kila mtu ana la kumwambia, na mengi si kweli.

"Aliyepita JKT au mwindaji mzuri, huyo ameshashinda."

Kruta wa kambi ya JKT ya Mafinga hufundishwa bunduki yenye kitako, anaishika kwa mikono miwili na kuiegemeza begani. Mwenye gobole humvizia mnyama mpaka asogee, kisha anapiga mara moja. Bastola ya mashindano ya mita 25, ile ya risasi ndogo za .22 (upana wa inchi 0.22 hivi), hushikwa kwa mkono mmoja tu. Wa pili unakaa mfukoni au kiunoni. Kwa wanawake ni risasi 60. Za kwanza 30 ni za taratibu, tano kwa kila dakika tano, na duara la kumi, lile la katikati lenye alama kumi, lina upana wa sentimita 5. Zilizobaki ni za haraka: mkono unaanzia chini, shabaha inafunguka kwa sekunde 3, unainua, unapiga risasi moja, unashusha. Uzoefu wa porini husaidia kidogo, ila usipoangalia unakuja na mazoea mabaya.

"Lazima mkono usitikisike hata kidogo, na jicho lisibanduke kwenye duara."

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mkono wa kila mtu unatikisika, wa bingwa pia. Bingwa amejifunza kuuacha ucheze ndani ya eneo dogo huku kidole kikiendelea kubana triga polepole. Anayengoja wakati kamili, halafu akajiambia "sasa!", huibetua bastola nzima.

Na jicho halikai kwenye duara. Linakaa kwenye kilengeo cha mbele, kile kijino cha kwenye ncha ya mtutu, kionekane wazi huku shabaha ikibaki na ukungu. Piga hesabu uone sababu. Kanuni zinaruhusu umbali usiozidi milimita 220 kati ya vilengeo viwili. Mkono wote ukihama milimita 5 bila kupinda, tundu nalo linahama milimita 5, na bado uko ndani ya kumi. Lakini kilengeo cha mbele kikipishana na cha nyuma kwa milimita 1 tu, mita 25 mbele risasi inakosea kwa sentimita 11 hivi. Umetoka kumi, uko sita! Mtu akiielewa hesabu hii ataacha kukodolea karatasi.

Kwa nguvu ya bega, chukua chupa ya maji ya lita moja, iinue mkono ukiwa umenyooka, hesabu sekunde chache, shusha, pumzika. Na kwa baridi ya Juni na Julai ya Njombe au Mufindi, pasha vidole moto kwanza. Triga ya mchezo huu inatakiwa kuhimili uzito wa kilo moja angalau, na kidole kilichokufa ganzi hakiihisi.

"Kikombe cha ulanzi kinatuliza mkono."

Kinatuliza akili, na akili ndiyo inayotakiwa iwe macho. Mlevi hana nafasi kwenye uwanja wa shabaha. Hata vidonge vya kutuliza mkono haviruhusiwi: Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za Beijing 2008 kwa propranolol, dawa ya moyo na presha inayopunguza mtetemeko.

"Ni mchezo wa vijana wa kiume."

Nino Salukvadze wa Georgia alichukua dhahabu ya bastola ya mita 25 mjini Seoul mwaka 1988. Paris 2024 ilikuwa Olimpiki yake ya kumi.

"Risasi ya .22 ni ya kuchezea."

Uongo huu unaua. Ile risasi ya gramu mbili na nusu hivi inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe inageuka iendako isikojulikana. Kwa hiyo kilima chochote cha Uporoto chenye mawe hakiwi ukuta wa kuzuia risasi kwa sababu tu ni kirefu. Mlio wake unaharibu masikio, hata kama si mkubwa kama wa gobole; vaa kinga ya masikio na miwani. Risasi hizi zina madini ya risasi, na vumbi lake hubaki mikononi. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na usile uwanjani.

"Nitatafuta bastola kwanza, mengine baadaye."

Umeanzia mwisho. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kibali hupitia polisi. Kuazima bastola ya mjomba mkaipige kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill si mazoezi, ni kesi, na mjomba naye ataingia humo. Hata bunduki ya upepo, usiichukulie kama mdoli wa dukani. Nenda kituoni ukaulize kabla hujatoa pesa. Uliza pia ni uwanja gani unaoruhusiwa na nani anausimamia, kwa sababu somo la kwanza la mwalimu wa maana ni mtutu uelekee wapi na kidole kikae wapi, na anaweza kulirudia siku nzima bila kukupa risasi hata moja.