Kwa Nini Zahanati Hujengwa Zikakaa Bila Wauguzi?

Katika wadi nyingi za Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna zahanati mpya zenye kuta zilizopakwa rangi, kibao cha mradi barabarani na kufuli mlangoni. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi huko Kuresoi anaweza kupita mbele ya jengo la namna hiyo akiwa juu ya bodaboda, akipelekwa Molo. Wananchi husema pesa zimeliwa, na mara nyingine huwa zimeliwa kweli. Hata hivyo, zahanati inaweza kubaki imefungwa bila mtu yeyote kuiba hata shilingi moja, kwa sababu ya jinsi bajeti ya kaunti inavyogawanywa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka huduma za afya za mashinani mikononi mwa kaunti, na kaunti hizo 47 zilianza kazi mwaka 2013. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa wala si mwaka mmoja. Kanuni za 2015 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinaongeza kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Masharti haya mawili yana nia njema, maana bila mpaka wowote kaunti ingeweza kumaliza fedha zake kwa kulipana. Tatizo huanza yanapokutana katika zahanati. Kuta, paa na tangi la maji huhesabiwa kuwa maendeleo. Muuguzi huhesabiwa kuwa mshahara. Dawa na umeme huingia katika matumizi ya kawaida. Kaunti inayojenga zahanati kumi huwa imesogea kwenye kutimiza sheria, na ile inayoajiri wauguzi wa zahanati hizo kumi huwa imesogea kwenye kuivunja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kosa zito kuliko yote, kwamba jengo limehesabiwa kuwa rasilimali ilhali mtu anayetibu ndani yake amehesabiwa kuwa mzigo.

Siasa nazo husukuma upande uo huo. Mwakilishi wa wadi ana miaka mitano ya kuonyesha kazi yake, na jengo huonekana, huzinduliwa kwa sherehe na hupigwa picha. Mwakilishi huyohuyo ndiye anayepaswa kuisimamia serikali ya kaunti inayompa mradi huo, jambo linalomfanya asite kuuliza maswali makali.

Kisha kuna suala la fedha zenyewe kupungua au kuchelewa. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuiongezea serikali ya kitaifa mapato ya kodi, ulipoondolewa mwishoni mwa Juni mwaka huo, baada ya maandamano ya vijana yaliyofika hadi Kisumu, Nakuru na Kakamega, mgao ambao kaunti zote hupata kutoka serikali hiyo, uliokuwa umepitishwa kuwa takriban shilingi bilioni 400, ulivutaniwa kwa miezi kadhaa, hatimaye ukawa bilioni 387.4. Kaunti inapopata pungufu, haiwezi kukataa kuwalipa wafanyakazi waliopo, kwa hiyo kinachoahirishwa ni ajira mpya, pamoja na ile ya muuguzi wa zahanati iliyokwisha kujengwa.

Ukaguzi upo, lakini hufika kazi ikiwa imekwisha. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, Mkaguzi Mkuu hupewa miezi sita kutoa ripoti, na bunge la kaunti hupewa mitatu mingine kuijadili. Ripoti zimetaja mara kwa mara majengo ya afya yaliyokamilika yasitumike, ila wakati huo mkandarasi amekwisha kulipwa na bajeti nyingine tayari inatumika.

Wanaodhani kwamba wananchi hawana haja ya huduma za umma wakumbuke Kisumu. Desemba 2018 mpango wa majaribio wa afya kwa wote ulizinduliwa huko, Kisumu ikiwa miongoni mwa kaunti nne za kwanza, na ada zilipoondolewa wagonjwa walimiminika hospitalini hadi uhaba wa dawa na wahudumu ukadhihirika. Haja ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni fedha za kuendesha huduma mwaka baada ya mwaka.

Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, lakini mikutano ya bajeti kwa kawaida huwauliza watu wanataka mradi gani, nao hujibu kwa kutaja jengo. Mgawanyo kati ya mishahara, dawa na ujenzi huamuliwa katika hati ya mwelekeo wa fedha, ambayo hupelekwa bungeni kabla ya mwisho wa Februari, nayo makadirio kamili hufuata kabla ya mwisho wa Aprili. Mkazi wa Navakholo au Nyakach anayetaka zahanati yake ifunguliwe ana nguvu zaidi katika miezi hiyo kuliko siku ya uzinduzi, akidai aonyeshwe ni ukurasa upi wenye mshahara wa muuguzi. Asipojibiwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa haki ya kuandika barua kwa kaunti, nayo hutakiwa kumjibu ndani ya siku 21.