Access kubeba watumiaji 255 si ruhusa ya kugawana faili moja kwa Wi-Fi

Access, programu ya Microsoft ya kutunza kanzidata, inakubali watumiaji 255 kwa wakati mmoja, ndiyo maana wengi huona hakuna ubaya kuweka faili moja kwenye kompyuta ya mhasibu, wote wakalifungua kwa Wi-Fi. Hapo ndipo data huharibikia. Access haina seva ya kupokea maombi. Kila kompyuta huandika yenyewe ndani ya faili. Tuseme karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya zabibu kule Hombolo anaingiza kilo za mkulima, mara mtandao unakatika: rekodi inabaki nusu, na kesho yake faili linagoma kufunguka.

Ligawe faili hilo mara mbili, tafadhali, kabla halijaharibika. Majedwali, yaani data yenyewe, yabaki kwenye kompyuta moja. Fomu na ripoti ziwe nakala kwenye kila mashine, zote zikiunganishwa kwa waya. Kabla ya kunakili majedwali kwenye flashi, tazama kando yake: faili dogo lenye mwisho wa .laccdb likiwepo, kwa kawaida kuna mtu bado yumo ndani. Subiri atoke.

Na kufuta rekodi za zamani hakupunguzi ukubwa mpaka ulibane faili (Compact and Repair). Kikomo cha faili ni GB 2.