Paka, pua na kifua cha mwenye pumu

Mama anaponiletea mtoto anayepiga chafya kila asubuhi, humuuliza mapema kuhusu paka, na mara nyingi hunijibu kwa yakini: "Daktari, sisi kwetu hatufugi paka." Jibu hilo ni la kweli, lakini kwa nyumba za Mji Mkongwe halitoshi. Paka wa mtaani huingia kwa dirishani na kulala juu ya godoro watu wakiwa kazini na skuli, na kwa kuwa kwetu paka hahesabiwi kuwa najisi, aghalabu huachwa alale.

Wengi hudhani kinachodhuru ni manyoya. Kisababishi kikuu cha mzio wa paka, yaani aleji, ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka katika mate ya paka na tezi za mafuta za ngozi yake. Anapojiramba huipaka mwilini, na ikishakauka hupeperuka katika chembe ndogo, nyingine zisizofikia maikromita 5, ambazo huelea hewani kwa saa kadhaa na kunasa katika mazulia, mito ya sufi na nguo. Hata paka akihamishwa kabisa, protini hiyo huchukua miezi kadhaa kupungua nyumbani.

Mwili wa mwenye mzio huwa umekwisha kutengeneza kingamwili za aina ya IgE, yaani askari wa mwili wanaohusika na mzio, dhidi ya protini hiyo. Chembe zikigusa utando wa pua, histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, humwagwa ndani ya dakika chache, pua ikawasha, ikatoa makamasi mepesi kama maji, kisha ikaziba. Haya si mafua ya virusi, na antibiotiki hazisaidii chochote. Macho nayo huwasha na kuwa mekundu, na mtoto akiyapikicha kwa mkono uliomshika paka huzidi kuyatia kile kile kinachomuumiza. Nasikitishwa sana na matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yanayonunuliwa dukani bila ya jicho kupimwa, kwani yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha mshinikizo ndani ya jicho na kuharibu uoni.

Kifua ndicho kinachonitia hofu zaidi. Chembe ndogo hufika mapafuni, misuli ya njia za hewa ikabana na utando wake ukavimba. Na kwa kuwa mwitikio wa pili huweza kuja saa 4 hadi 8 baadaye, mtoto aliyecheza na paka baada ya swala ya alasiri huamka usiku akikohoa na kifua kikilia, wazee wakalaumu upepo. Pua isipotibiwa, pumu nayo huwa ngumu kutulia, kwa hivyo mimi hutibu vyote viwili pamoja: dawa ya kupuliza puani, na steroidi ya kuvuta kwa mwenye pumu. Salbutamol, dawa ya kuvuta ya kulegeza misuli ya njia za hewa, peke yake hufungua njia kwa muda, lakini uvimbe huuacha pale pale. Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi afikishwe hospitali usiku huo huo.

Kabla ya kumhukumu paka, vipimo vya ngozi au damu ni muhimu, maana utitiri wa vumbi hustawi sana katika unyevu wa visiwa vyetu na dalili zake hufanana na hizi. Ikithibitika ni paka, siombi adhuriwe. Naomba chumba cha kulala kiwe chake mtoto peke yake: wavu dirishani, zulia litolewe, foronya na mashuka yafuliwe kila wiki. Kumuosha paka hupunguza protini kwa siku chache tu, kisha hurudi kama ilivyokuwa.