Waayalandi hawakuuana kwa sababu ya mpaka

Jana nimesahihisha insha nyingine inayosema Waayalandi waligeukiana bunduki mwaka 1922 kwa sababu Michael Collins, kiongozi wa wapigania uhuru, "aliiuza Kaskazini", sehemu ya kisiwa iliyobaki chini ya Uingereza. Nimeshaisoma hoja hii mara nyingi mno, na kila mara naona mwandishi wake hajaufungua Mkataba wenyewe, ule wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Waayalandi.

Tarehe kwanza, haraka haraka. Sheria iliyoigawa Ayalandi ilipitishwa London mwaka 1920. Mfalme George V alifungua bunge la Belfast tarehe 22 Juni 1921. Mapigano yalisitishwa Julai, Mkataba ukatiwa saini tarehe 6 Desemba. Collins na mjumbe mwenzake Griffith walipoketi na Lloyd George, Waziri Mkuu wa Uingereza, mpaka ulikuwa umeshachorwa.

Kilichowatenganisha ni kiapo. Kisome kifungu cha 4 polepole. Mbunge anaapa kwanza utii kwa Katiba ya Dola Huru, nchi mpya ya Waayalandi iliyoundwa na Mkataba. Mfalme anafuata nyuma, naye anaahidiwa uaminifu tu, kwa msingi wa uraia wa pamoja na Uingereza. Waliounga mkono Mkataba waliuona mpangilio huo kuwa ushindi. Lakini wabunge na wapiganaji wengi walikuwa tayari wana kiapo kingine, kile cha mwaka 1919, cha kuilinda Jamhuri, yaani Ayalandi isiyo na mfalme. Mtu aliyeapa hivyo, akawazika wenzake walioapa naye, unamwambiaje ataje jina la mfalme, hata kama limewekwa mwishoni mwa sentensi? Hapo ndipo palipouma, na hapo ndipo insha zinaparuka.

Anayebisha na aangalie Waraka Na. 2, pendekezo la de Valera mwenyewe, kiongozi wa waliopinga Mkataba, la kuuweka kando. Kiapo kimetolewa. Vipengele vya Kaskazini vimeachwa karibu kama vilivyokuwa! Bunge la Dublin lilipiga kura tarehe 7 Januari 1922: 64 wakaukubali, 57 wakaukataa.

Je, hawakuijali Kaskazini? Sisemi hivyo. Wengi waliamini Tume ya Mipaka ya kifungu cha 12, ya kuupanga upya mpaka, ingeimega Kaskazini hadi ishindwe kusimama peke yake. Tume ikaja kuvunjika mwaka 1925 na mpaka ukabaki palepale. Na Collins huyo anayeitwa msaliti alikuwa, miezi ya mwanzo ya 1922, akipeleka silaha kwa siri kwa wapiganaji wa Kaskazini.

Kuna jambo linanisumbua katika maelezo yangu mwenyewe. Ninaposema "kiapo", nawasikia wabunge, kwa sababu hotuba zao ndizo zilizoandikwa. Kijana wa Tipperary aliyebaki na bunduki yake baada ya mizinga kuanza kuipiga Four Courts, jengo la mahakama la Dublin walimojifungia wapinzani wa Mkataba, tarehe 28 Juni, je, alikuwa anakitafakari kifungu cha 4? Nadhani mara nyingi alimfuata kamanda wake, kamanda akienda huku naye huku. Bado sijapata namna ya kulieleza hilo darasani bila kuwavunjia heshima.

Serikali ya Dola Huru iliwapiga risasi wafungwa 77 kwa hukumu rasmi kabla vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe havijaisha Mei 1923. Agosti 1927 de Valera aliingia bungeni. Aliiondoa Biblia iliyokuwa mezani, akaiweka mbali, akatia saini kitabu cha kiapo, akasema hajaapa.